Siku ya arubaini na moja: mwongozo kwa walio karibu na mzazi

Kwetu Lamu mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua karibuni, hutunzwa. Siku arubaini hagusi chungu wala ndoo. Hukandwa kwa maji moto asubuhi na jioni, hufungwa mkaja, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hufukizwa udi, na kila aingiaye huja na sahani iliyofunikwa kawa. Siku ya saba mtoto hunyolewa nywele na kupewa jina, na mwenye uwezo huchinja akika. Kisha arubaini hutimia, mzazi huoga, nyumba hufagiliwa, na watu huaga.

Mimi nami niliaga. Mdogo wangu alipojifungua mtoto wa pili nilikaa naye mtaani Langoni siku zote hizo, arubaini ilipotimia nikakunja mkeka wangu na kwenda zangu nikijiona nimemaliza kazi. Wiki tatu baadaye nilipita kumletea samaki. Nilimkuta amekaa chini ameegemea ukuta, mtoto analia kitandani hatua mbili kutoka kwake, naye hageuki. Nikamwita. Akaniinulia macho akasema, "Dada, mchukue. Mimi simo."

Haya ninayoyaandika juu ya sonona, maradhi ya akili yanayomzamisha mtu moyo, niliyajua baada ya siku ile, mengine kwa muuguzi, mengine kwa makosa yetu wenyewe. Nayaandika kwa mume, mama, mavyaa, wifi na mashoga, yaani rafiki zake wa kike, kwa sababu mzazi akishafika pale alipofika mdogo wangu hana nguvu ya kusoma mwongozo.

Hatua ya 1: Tofautisha mambo matatu

Siku ya tatu au ya nne baada ya kuzaa, wanawake wengi hulia bila sababu. Maziwa yanaingia, mwili umechoka, na machozi yako karibu. Atacheka, kisha atalia kwa sababu kikombe kimeanguka. Hayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili, na dawa yake ni usingizi, chakula na mtu wa kumshika mkono.

Wiki mbili zikipita na giza bado lipo, au likianza baadaye, hapo tunazungumza juu ya sonona. Inaweza kuanza tangu mimba, inaweza pia kungoja hadi mtoto awe na miezi kadhaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 katika kila 5 hupatwa na maradhi ya akili baada ya kuzaa, na mengi ya maradhi hayo ni sonona. Hesabu wanawake waliozaa mtaani kwako mwaka huu, utaona kwamba unamjua mmoja wao hata kama hujui ni yupi.

Dalili zake: huzuni au ukavu wa moyo karibu kila siku, haoni ladha ya mambo aliyokuwa akiyapenda, chakula hakipiti, uchovu usioondoka, kujilaumu, "mimi si mama wa kuitwa mama", kusahau, kushindwa kuamua hata apike nini. Na hasira. Hasira ndiyo iliyotupoteza sisi. Tulikuwa tukingoja machozi, naye hakulia hata siku moja. Alifoka. Alimfokea mtoto mkubwa, akamfokea mumewe, akanifokea mimi kwa ajili ya chumvi. Tukasema uzazi umemharibu tabia.

La tatu ni nadra, mwanamke 1 au 2 katika kila 1,000 wanaozaa, na aghalabu huja ghafla katika wiki mbili za mwanzo. Halali usiku mbili tatu na wala hahisi kuchoka. Anasema mbio mbio, anasikia sauti, anadai mtoto amebadilishwa au kwamba yeye ametumwa kazi fulani. Huyu hapangiwi kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kwa kukodi boti usiku, na asiachwe peke yake na mtoto kwa dakika moja.

Kwetu yote matatu hupewa jina moja: ana mashetani, ana jicho, amechezewa. Kwa hiyo mwenye machozi ya siku tatu hutishwa bure, na mwenye kuhitaji daktari usiku huo hungojeshwa wiki.

Hatua ya 2: Panga siku ya 41 kabla mtoto hajazaliwa

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Arubaini ni kinga nzuri, wazee wetu hawakukosea. Tatizo ni jinsi inavyokatika. Jana kulikuwa na wanawake sita ndani ya nyumba, leo yupo yeye, mtoto mchanga, mtoto wa miaka miwili, na rundo la nguo. Na huo ndio wakati ambao mtoto hulia sana: watoto wengi hufika kilele cha kulia karibu na wiki ya 6.

Basi mimba ikifika miezi saba, kaeni watu watatu au wanne: mja mzito mwenyewe, mume, mama au mavyaa, na ndugu mmoja. Gawaneni siku za wiki, kuanzia siku ya 41 hadi mtoto afike miezi mitatu. Kila mtu siku yake, kwa jina. Usikubali neno "tutakuwa tukipita", maana kila mmoja atadhani mwenzake amepita.

Kazi za zamu ni nne. Kumchukua mtoto mama alale. Kupika chakula kimoja cha moto. Kufua nepi. Na kukaa, kukaa tu, bila kumhoji na bila kumletea habari za harusi ya nani ilikuwaje. Hii ya nne huonekana si kazi, na watu huikimbia kwa sababu hawajui waiweke wapi mikono yao. Chukua kofia ushone, chagua mchele, lakini kaa.

Angalia na majira. Uzazi ukiangukia kusi, kati ya Aprili na Septemba, bahari ya nje haiendeki kwa chombo kidogo, mume yuko nyumbani lakini mfuko ni mtupu. Ukiangukia kaskazi, pesa ipo kidogo lakini mume amekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na hatarudi kwa siku nyingi. Kila msimu una mzigo wake, na zamu zipangwe kwa kuujua. Ikiwa mwanamke aliwahi kuugua sonona, amefiwa karibuni, amezaa kwa shida, mtoto amelazwa, au yeye na mumewe hawaelewani, mwekeeni zamu mbili kwa siku, asubuhi na baada ya alasiri.

Hatua ya 3: Uliza, na ujue namna ya kuuliza

"Hujambo?" haitoshi. Kwetu jawabu ya hujambo ni sijambo, hata kwa mtu aliye kaburini nusu. Na ukimwuliza mbele ya mavyaa atakujibu alhamdulillahi na mlango utafungika.

Ngoja mubaki wawili. Muuguzi alinifundisha swali hili, na tangu hapo sijalikosa kwa mzazi yeyote: "Mtoto akilala, na wewe walala?" Mama mchovu hukujibu kwamba hulala kama gogo. Mwenye sonona husema, "Hapana. Nalala macho wazi namsikiza." Ukisikia hivyo, uliza la pili: "Tangu lini?" Halafu nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, usikijaze.

Yapo maneno ya kuyaacha hata kama nia yako ni njema. "Shukuru, wengine hawajajaliwa." Analijua hilo, na ndilo linalomuua kwa aibu. "Mbona mimi nilizaa saba?" "Mtoto atahisi." "Jitahidi." Badala yake sema ulichokiona kwa macho yako: "Naona siku hizi huli. Naona wamfokea huyu mkubwa kisha wajificha. Nakaa hapa hadi magharibi, hutaki kusema usiseme."

Baadhi ya kina mama watakwambia jambo la kutisha: kwamba picha humjia kichwani akimwona mtoto ameanguka kisimani, au ameteleza kutoka darini mikononi mwake. Usimpokonye mtoto. Picha za namna hii huwajia kina mama wengi, na yule ambaye zinamtia hofu, anayekaa mbali na kisima kwa sababu yake, aghalabu hana nia yoyote ya kumdhuru mwanawe. Mshukuru kwa kukuambia, na umsaidie aliseme hilo kwa muuguzi. Tofauti kubwa ni pale anaposema sauti inamwamuru, au haoni ubaya wa lile analolifikiria. Hapo rudi kwenye jambo la tatu nililotaja juu.

Na swali la mwisho, lile ambalo ulimi wangu ulikataa kulitoa: "Wakati mwingine watamani usiamke? Umewahi kufikiri kujitoa uhai?" Watu huogopa kwamba kuuliza ni kumfundisha. Sivyo. Kuuliza humpa nafasi ya kuushusha mzigo anaoubeba peke yake. Mdogo wangu alipoulizwa alisema, "Si kujiua. Kutokuwepo." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akivuta pumzi hadi mwisho.

Hatua ya 4: Mrudishie usingizi kwanza

Kabla ya mashauri yoyote, mtafutie saa nne au tano za usingizi usiokatika, usiku. Jambo hili dogo lina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Anyonyeshe saa tatu usiku, kisha mtoto atoke chumbani humo kabisa, maana akiwa karibu atamsikia hata akipiga chafya. Mtoto akiamka kabla ya saa hizo, apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe kisafi kidogo. Maziwa yakikaa nje yatumike ndani ya saa 4, na siku za joto la kaskazi mapema zaidi.

Baada ya hapo, mwili. Apimwe damu, upungufu wa damu baada ya kuzaa huleta uchovu na moyo mzito, na vidonge vya madini ya chuma ni rahisi kupatikana. Jua likipoa, mtoke. Sisi tulianza kwa kufika uwanja wa Mkunguni na kurudi. Baadaye tukawa tunaifuata pwani kuelekea Shela, kilomita tatu hivi, na mara nyingi tuligeuka nusu ya njia. Hatukuzungumza sana. Mimi nilimbeba mtoto, yeye alitembea mikono mitupu.

Hatua ya 5: Mume

Shemeji yangu ni mtu mwema, na miezi ile alikuwa harudi barazani mpaka usiku wa manane. Mtaa mzima ulimsema. Nilipomkabili, akanijibu maneno ambayo siyasahau: "Dada, nikiingia naogopa. Sijui niguse nini." Wanaume nao huugua. Takriban baba 1 katika kila 10 hupatwa na sonona wakati mke ana mimba au baada ya kuzaa, naye huificha kwenye miraa, ukimya na baraza.

Basi ikiwa wewe ndiye mume, haya ni yako. Rudi baada ya isha. Mchukue mtoto, hata kama analia mikononi mwako. Mtoto anayelia akiwa ameshikwa na babake hajadhurika. Usimwambie mkeo kwamba mamako alifanya yote hayo bila kulalamika. Usitaje mke wa pili, hata kwa mzaha. Na usihesabu siku kwa ajili ya kitanda. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, nifasi, damu ya uzazi, aghalabu ni siku 40 na mwisho wake ni 60, lakini kumalizika kwa damu si kurudi kwa hamu, na sonona huizima hamu hiyo kabisa. Kulala karibu naye bila kumtaka kitu ni tiba.

Sema naye mambo ya nyumba kidogo kidogo. Kila usiku jambo moja: leo bei ya mafuta, kesho karo ya madrasa. Ukimwaga deni lote mezani atalisikia kama hukumu.

Mkishindwa kuelewana, msiufanye ugomvi kuwa wa ukoo. Aya ya 35 ya sura ya An-Nisaa imetupa njia: mwamuzi mmoja kutoka watu wa mume na mmoja kutoka watu wa mke, wenye nia ya kusuluhisha. Chagueni wenye kusikiliza, wala si lazima wawe wakubwa kwa umri. Lakini panapopigwa mtu, hapo hapana subira wala usuluhishi wa barazani. Namba 1195 hupigwa bure saa zote kwa watu wanaodhulumiwa nyumbani.

Hatua ya 6: Itumie kliniki ya wiki ya 6

Wiki ya 6 ni siku ya 42. Arubaini imekwisha juzi, na mtoto anatakiwa kupelekwa chanjo. Atarudi tena wiki ya 10 na ya 14. Yaani serikali imekwisha kukupa miadi mitatu na muuguzi katika kipindi kile kile cha hatari, nasi huipitisha tukimvua mtoto nguo, kumpima uzito, kuchomwa sindano na kurudi nyumbani. Hakuna anayemtazama aliyembeba.

Nenda naye. Mtoto akimaliza, sema: "Mtoto hajambo. Nakuomba umtazame mama. Wiki tatu halali hata mtoto akilala, na anasema maneno ya kujilaumu." Taja siku na mambo, usitaje jina la ugonjwa. Upo mtihani mfupi wa maswali 10, uliotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, ambao wahudumu duniani kote huutumia kupima moyo wa mzazi. Unajibika kwa dakika tano.

Mji wetu ni mdogo, na muuguzi huenda akawa binamu ya wifi yako. Hofu hiyo ni ya kweli, nasi iliturudisha nyuma mara mbili. Omba chumba, mlango ufungwe, na mwambie wazi kwamba hutaki habari itoke. Kuitunza siri ni wajibu wake. Zahanati ikiwa haina msaada, Lamu mjini kuna hospitali ya King Fahd, na kwa wa Malindi kuna hospitali ya serikali pale mjini. Anayetoka Siyu, Faza au Kizingitini afanye hesabu ya maji na boti, na apange pa kulala mjini, asije akalazimika kurudi kabla ya kuonwa.

Hatua ya 7: Mazungumzo, dawa na kisomo

Watu hudhani tiba ni sindano ya kulaza. Kwa sonona ya kawaida, tiba ya kwanza ni mazungumzo yenye mpango. Mashambani Pakistan, wahudumu wa afya wa kike wa vijijini, si madaktari, walifundishwa kuwatembelea kina mama waliokuwa na sonona tangu mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika kila 100, kwa wenzao waliotembelewa mara sawa bila mazungumzo hayo, 53. Na Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi husikiliza matatizo yote, mgonjwa huchagua moja tu, wanatafuta hatua moja ya kulipunguza, kisha anarudi wiki ijayo kueleza ilikwendaje.

Niliposoma habari hiyo nilikuwa nimekaa kwenye daka letu. Mawe ya kukalia tunayo mlangoni tayari. Nikajaribu vivyo hivyo na mdogo wangu: tatizo moja, hatua moja, wiki moja. Alichagua maji. Kuteka maji ndiko kulikomvunja zaidi, na hatukuwahi kujua. Tukamtafutia kijana wa kumletea.

Daktari akiandika dawa, usiogope kwa sababu ananyonyesha. Zipo zinazofaa, setralini ni mojawapo, na kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Mwambie tu daktari kwamba ananyonyesha. Dawa hizi hazileti furaha ya papo hapo. Huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, na hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifai. Akipata nafuu aendelee kwa miezi sita au zaidi, na kuacha kwake kuwe kwa polepole, kwa kauli ya daktari.

Kisomo nacho? Asomewe. Mamangu alimwandikia kombe, aya zinazoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, akalinywa, akasema limemtuliza, nami namsadiki. Sikatai ila mambo mawili: mganga anayemwambia aache dawa, na yeyote anayemfunga, kumpiga au kumnyima chakula kwa jina la kutoa shetani.

Hatua ya 8: Akisema hataki kuishi

Asiachwe peke yake, usiku wala mchana. Ondoeni dawa za ziada, mafuta ya taa, sumu ya panya na visu. Ongozaneni hospitali. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure ya ushauri, 1199, na anayeweza kupiga ni wewe pia, wala si mgonjwa pekee.

Msifiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichokuwa kikimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba.

Hatua ya 9: Kupona, na mimba ijayo

Usingoje siku ya kuamka mzima. Kwa mdogo wangu ilianza kwa kuulizia hina. Kisha akala sahani nzima ya wali. Kisha siku tatu akarudi chini, nasi tukadhani yamekwenda bure, akapanda tena. Ilichukua karibu miezi saba.

Aliyeugua mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena akizaa. Kwa hiyo liandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto, muuguzi wa kliniki ya mimba alione siku ya kwanza. Mdogo wangu sasa ana mimba ya miezi mitano. Limeandikwa. Mtoto atakuja kusi, kwa hiyo shemeji atakuwapo usiku, na mavyaa wake amechukua Jumatatu na Alhamisi kwa hiari yake mwenyewe. Mimi nina Jumanne na Ijumaa, na safari hii mkeka wangu hautakunjwa mpaka mtoto amalize chanjo ya wiki ya 14.